Digrii 62 Zangu Zilidanganya Mtu: Wasee wa Rivyu za Vipoza, Tukome

Wasee, leo sibembelezi mtu. Wacha nianze na mimi mwenyewe, ndio nikikufikia wewe usiseme nimekuchagua.

Mwaka jana Julai, duka moja la kompyuta hapa mjini lilinitumia kipoza cha prosesa. Bure kabisa. Mnara mmoja, mirija miwili ya shaba, feni moja yenye taa za rangi zote za disko la kijijini. Jina la duka silitaji na la kipoza pia silitaji, kwa sababu kosa ninalotaka kuongelea ni langu. Nilikifunga kwenye mashine yangu ya Ryzen 5 5600, nikaendesha Cinebench R23 dakika 10, nikasoma namba: digrii 62. Nikapiga picha, nikaandika juu yake kwa herufi za njano, "DIGRII 62 KWA NGIRI TATU NA NUSU TU!!" Nikapakia. Ile video ilibamba vibaya sana.

Kwenye komenti kijana mmoja wa Mombasa akauliza, "Bro, itashika 5800X? Huwa naediti video za harusi." Nikamjibu nikiwa kwa matatu, bila kufikiria hata sekunde mbili: "Itashika fiti kabisa." Nikaongezea na vimoto viwili.

Desemba akaniingia inboksi. Hakunitusi, na afadhali angenitusi. Alituma picha ya skrini yake tu: digrii 90, spidi ya prosesa imeshuka, na ule mstari wa kurenda unatambaa kama konokono. Harusi aliyopiga Jumamosi ilikuwa bado inarenda Jumatatu usiku, na mwenye harusi anapiga simu kila saa. Alinunua kile kipoza kwa sababu yangu. Ngiri tatu na nusu kwako inaweza kuwa nyama ya wikendi moja, lakini yeye alikuwa ameitoa kwa malipo ya kwanza ya hiyo harusi.

Sasa tupige hesabu, ju najua kuna mtu ameshaandika huko chini, "Wewe ni dropauti, fizikia umejulia wapi?" Ni kweli, chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini kutoa 17 kwa 62 nilifunzwa darasa la tatu.

Usiku ule nilipopima, chumba changu cha Roysambu kilikuwa na digrii 17. Ilikuwa saa tano usiku, baridi ya Julai mnaijua, nimevaa jaketi ndani ya nyumba. 62 toa 17 ni 45. Hiyo 45 ndiyo kazi ya kipoza. Inakuambia prosesa imekaa digrii ngapi juu ya hewa inayoizunguka. Hiyo 62 peke yake inakuambia tu kwamba mimi nilikuwa nasikia baridi.

Kipoza cha hewa hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Ndani ya ile mirija ya shaba kuna maji kidogo sana, kwa presha ya chini. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi ya alumini, unapoa, unakuwa maji tena na kurudi ulikotoka. Feni inapitisha hewa ya chumba katikati ya mapezi na kuondoka na lile joto. Kwa hivyo chumba kikiwa na digrii 31, hakuna feni duniani itashusha prosesa chini ya 31. Pepea chai na gazeti usiku kucha: itapoa hadi ifanane na chumba, haitawahi kuwa soda ya friji.

Twende Mombasa basi, chumba bila AC, mchana wa Desemba, digrii 31. Ongeza 45 yangu, unapata 76. Hapo mtu bado anapumua. Shida ni kwamba yule kijana hana 5600. Kiwandani 5600 imewekewa kikomo cha wati 76. 5800X imeruhusiwa kula hadi wati 142, karibu mara mbili. Na joto la juu ya chumba hupanda takriban sambamba na wati. Kwa hivyo 45 inakuwa kama 84. Ongeza 31 ya chumba, unapata 115.

Lakini 5800X ina mwisho wake, na mwisho ni digrii 90. Ikifika hapo inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo 115 huioni popote kwenye skrini. Unaona 90, inakaa hapo imeganda, na kazi yako inachechemea. Ndiyo ile picha aliyonitumia.

Unanipata? Namba yangu ilikuwa ya kweli, niliisoma na macho yangu mawili, na bado ilimgharimu mtu kazi. Ingetosha niandike vitu viwili pembeni yake, joto la chumba na wati, na yeye mwenyewe angepiga hesabu akaninyamazia.

Kuna kitu kingine hakuna mtu wa rivyu za ng'ambo ana sababu ya kukuambia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Feni ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inasukuma ujazo uleule wa hewa huku na kule, lakini ya huku ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Msee wa Eldoret, mita kama 2,100, hewa yake ni nyepesi zaidi. Sisi wa bara tunaokolewa na baridi. Wa Pwani wana hewa nzito lakini ya moto. Na msee wa Garissa au Lodwar? Mimi sijawahi kuona rivyu moja iliyomfikiria. Tunachukua jedwali la maabara yenye AC huko Ulaya, tunalisoma kwa sauti ya kujiamini, tunaliita ushauri.

Hizi hapa mbinu tunazotumia kuwapiga chenga. Nazijua ju nimezitumia.

Ya kwanza, wati za kwenye boksi. Boksi limeandikwa "TDP 200W" na muuzaji anakuonyesha na kidole kama ni cheti cha serikali. Hakuna kipimo kimoja kinacholazimisha kampuni zote kuhesabu hizo wati kwa njia moja. Kila kampuni huandika yake, kwa joto la chumba inalolipenda yenyewe.

Ya pili, kupima na prosesa ndogo. Ukitumia prosesa ya wati 65, kila kipoza kitaonekana shujaa. Ni kama kupima nguvu ya lori kwa kubeba mkate.

Ya tatu, mashine uchi mezani. Kipoza kinapata hewa safi pande zote. Wewe nyumbani una kasha lenye kioo mbele, tundu za hewa ni nyembamba kama kalamu, na vumbi la miezi sita limejaza zilizobaki. Matokeo hayawezi kuwa sawa.

Ya nne, na hii ndiyo inanikera kabisa, kelele. Feni inawekwa spidi ya mwisho, kipoza A kinashinda B kwa digrii tatu, tunapiga makofi. Hakuna anayekuambia A kinalia kama blenda ya duka la juisi. Desibeli 10 zaidi, sikio lako linasikia kama kelele imekuwa mara mbili. Wewe unaishi bedsita, unalala futi nne kutoka hiyo mashine. Haki ni kuweka vipoza vyote kelele sawa, halafu ndio uone nani amebaki na digrii za chini. Gamers Nexus wa Marekani hufanya hivyo, na huandika digrii juu ya joto la chumba. Kwa hivyo njia inajulikana. Ni sisi tumeamua taa zinalipa zaidi.

Sasa kuna mbogi ya "nunua tu ya maji, bana." Tulieni. Kipoza cha maji pia kinamwaga joto kwenye hewa ileile ya chumba. Chumba ni 31? Hata nacho hakishuki chini ya 31. Kwa prosesa zinazokula wati nyingi sana kina nafasi yake, sibishi. Lakini kumuuzia mtoto wa chuo mwenye 5600 kipoza cha maji cha feni tatu ni kumuibia ukitabasamu. Hiyo 5600 hata huja na kipoza kwenye boksi, na kinaifanya ifanye kazi. Ukiongeza kingine, mara nyingi unachonunua ni utulivu wa masikio. Hilo ni jambo zuri, lakini mtu aambiwe ndicho anachonunua.

Na kwa nini nimechemka hivi kwa ajili ya kitu cha feni? Kwa sababu kipimo cha haki ni silaha ya mtu asiye na pesa. Mfano ni huu. Noctua NH-D15 ilitoka 2014, ikakaa miaka mingi kama mfalme wa vipoza vya hewa, bei ya karibu dola 100. Halafu Thermalright wakaleta Peerless Assassin 120 SE: minara miwili, mirija sita, feni mbili, dola 35 hivi huko Marekani. Jina halikuwa na ukubwa wa Noctua. Taa za kukutoa macho hazikuwepo. Kilichoipa heshima ni watu waliopima kwa makini wakaona tofauti ni digrii chache tu. Namba safi zilimwambia mwenye dola 35 kwamba yeye pia anaweza. Namba chafu zingemrudisha palepale, anunue jina au anunue taa.

(Kabla ukimbie kuinunua: ina urefu wa milimita 155. Pima kasha lako kwanza. Kama unatumia zile mashine ndogo za ofisi za ex-UK, haiingii, hata ukiombea.)

Kontenti krieta wenzangu, najua mtakachosema. Kupima hivyo ni kazi, na vifaa ni ghali. Kipimajoto cha ukutani ni cha mia chache, na taa ya duara uliyonunua kumulika uso wako ilikula zaidi ya hapo. Mtasema pia maduka yataacha kututumia vitu. Basi yaache. Duka linaloogopa kipimajoto linatuambia kitu kuhusu bidhaa zake.

Kwa hivyo kuanzia leo, kabla mniamini mimi au mtu mwingine yeyote, ulizeni haya kwenye komenti. Chumba kilikuwa digrii ngapi? Prosesa ilikula wati ngapi? Ilikuwa ndani ya kasha au mezani? Feni ilikuwa spidi gani na kelele kiasi gani? Ilipimwa dakika ngapi? Na hicho kipoza ulinunua au ulipewa? Mtu akikosa kujibu hata mawili, hiyo ni tangazo. Pita.

Mimi nimerudia kipimo. Nilikopa hita ya jirani, nikafunga madirisha hadi chumba kikafika digrii 30, kipoza kilekile, 5600 ileile. Ilisoma 75. Toa 30, ni 45 tena. Kipoza hakijawahi kubadilika. Ile video sijaifuta, maana kufuta ni kujificha. Nimebadilisha kichwa na hesabu yote nimeiweka komenti ya kwanza kabisa.

Yule kijana nilimtumia kipoza changu cha minara miwili kwa basi la usiku. Ananiambia sasa inafika 82 chumba kikiwa 31, na spidi haishuki. Nikamuuliza kuhusu mteja wa ile harusi.

"Huyo alishaenda," akaandika. "Na ndugu yake anaoa Aprili. Wamechukua mtu mwingine."

Sina cha kumjibu hadi leo. Lakini nimenunua kipimajoto, kiko ukutani nyuma yangu, na kuanzia sasa mtakiona kwenye kila video. Siku msipokiona, niulizeni.