Mtoto wa Nimonia Asipopona, Tusikimbilie Dawa Kali

Mtoto wa nimonia akitumia amoksilini siku tatu bila nafuu, wengi wetu huuliza: apewe dawa gani kali zaidi? Tungeanza kwa kuuliza kwa nini hajapona.

Tangu 2014, Shirika la Afya Duniani linapendekeza amoksilini ya kumeza kwa mtoto anayepumua haraka au ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta pumzi, mradi hana dalili za hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kupumua haraka ni kuanzia mara 50 kwa dakika. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, kuanzia mara 40. Kipimo hiki kimeokoa wengi, ila hakitenganishi bakteria na virusi. Utafiti wa PERCH wa nchi saba, Kenya ikiwamo kupitia Kilifi, ulikadiria mwaka 2019 kuwa virusi ndivyo chanzo cha asilimia 61 hivi ya nimonia kwa watoto waliolazwa wasio na VVU. Antibayotiki haiui virusi, iwe kali namna gani.

Wengine wana utapiamlo, VVU, pumu au kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa. Wengine walikatishiwa dozi homa iliposhuka. Usugu wa vimelea nao upo, na tunauchochea kila tunapobadili dawa kwa kubahatisha.

Mganga wa zahanati isiyo na eksirei atauliza, na ana haki: nifanyeje, nami sina vipimo? Ampe mtoto amoksilini, kwa sababu kuchelewa kunaua. Lakini asimwache aende moja kwa moja. Mtoto arudi siku ya tatu achunguzwe upya. Na zahanati iwe na kipima oksijeni cha kidoleni. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni na rufaa ya haraka, na sindano ya antibayotiki peke yake haitoshi.

Hapo ndipo bajeti zetu zinapopwaya. Tunahesabu makopo ya dawa, tunasahau mitungi ya oksijeni na usafiri wa rufaa. Wizara na halmashauri zivipe vitu hivi uzito uleule wa dawa. Nawe mzazi, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usipitie duka la dawa. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.