UMAR ALIKATA MTI, HAKUUZA MKAA



Ndugu zangu, kuna hoja naisikia huku Kwale, tena kwa watu wa msikitini. Wanasema misitu ya kaya za Wamijikenda ni mahali pa shirki, na Umar bin Khattab (r.a.) aliukata mti wa bay'a ya Hudaybiya, basi na sisi tukate.

Sawa, tuanze na huyo huyo Umar. Mapokezi hayo wanazuoni wameijadili isnadi yake, na katika Bukhari yumo al-Musayyib, aliyekuwepo siku ya bay'a, akieleza kuwa mwaka uliofuata hawakuutambua tena mti wenyewe. Lakini tuseme yamesihi. Umar alikata mti mmoja. Hakufyeka msitu, hakuleta lori usiku, hakumuuzia fundi mbambakofi wala hakupanga magunia ya mkaa kando ya barabara. Wewe tauhidi yako mbona ina bei kwa gunia?

Shirki iko kwa anayechinja kwa asiyekuwa Allah. Mzee akichinjia mizimu, mfundishe, tena kwa adabu, maana ni baba yako. Mvule umekosa nini? Suratul Israa inatufundisha kwamba kila kitu kinamsabihi Mola wake, ila sisi hatufahamu. Umemkata anayesabihi, mshirikina umemwacha na mizimu yake kichwani!

Na Mtume ﷺ aliyeondoa masanamu pale Al-Kaaba ndiye aliyeifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe.

"Ni kipande kidogo tu, ustadh." Ndiyo, Kaya Kinondo ni kama hekta 30. Ubaya uko hapo hapo. Msitu mkubwa ukikatwa pembeni, katikati hupona. Huu mdogo karibu wote ni pembeni: jua na upepo vinapenya, udongo juu ya mawe ya matumbawe ni haba, ukikauka mche haushiki. Mbega hupita juu kwa juu, mti kwa mti. Ukimkatia njia anashuka barabarani, gari linamgonga. Yeye naye kafanya shirki gani?

Serikali ilianza kuzilinda kaya kisheria mwaka 1992, na 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi katika Urithi wa Dunia. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, waliokataza shoka ni wazee hao hao tunaowacheka. Wenye Qur'an tushindwe na wao?

Makhatibu wa Kwale, lisemeni Ijumaa hii. Na mwenye mkaa wa kaya jikoni kwake asituletee habari za Umar.

Wallahu a'lam.