Aliyeachiwa Mgonjwa: Walezi wa Wazee Mbele ya Sheria

Katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), mara nyingi tunamsahau mwenye nyumba ya wageni. Ndiye aliyeachiwa majeruhi pamoja na dinari mbili, akijua kwamba Msamaria atarudi. Familia nyingi za Mbeya na Iringa ziko katika hali hiyo leo: watoto wako Dar es Salaam, na mzee amebaki mikononi mwa masista, jirani au msichana wa kazi.

Je, mzee akianguka usiku, au akifariki kwa homa ya mapafu katika baridi ya Juni, nani atawajibika? Wengi hudhani kwamba kazi ya huruma haiwezi kumfikisha mtu mahakamani. Sivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtaka mwenye dhamana ya mtu asiyejiweza kwa umri au ugonjwa ampatie mahitaji ya lazima ya uhai, hata pasipo mkataba. Aidha, familia yaweza kudai fidia kwa uzembe, kwa kawaida ndani ya miaka 3.

Hata hivyo, sheria haidai miujiza. Mzee aweza kufa ingawa alitunzwa vema, na anayedai uzembe ndiye mwenye jukumu la kuuthibitisha. Tatizo ni kwamba walezi wetu hufanya mengi bila kuandika. Yafaa pawepo makubaliano ya maandishi tangu siku ya kumpokea mzee, yakieleza kile ambacho nyumba haiwezi kutoa. Pawepo pia daftari la dawa, la ajali na la simu zilizopigwa kwa familia. Lakini daftari lisitumike kuficha kosa, maana huo ni ushahidi wa uongo. Aliyekosea aseme mapema.

Nayo familia inawajibika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua kuwa taasisi ya msingi ya matunzo. Si haki mtoto asiyemtembelea mzazi wake mwaka mzima aje siku ya msiba akiwa na wakili.

Mlezi asiye na uwezo asikae kimya anaposhitakiwa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasiomudu gharama. Jumuiya Ndogo Ndogo nazo ziulize wiki hii: ni mzee yupi kati yetu anayelelewa na mtu baki, na ni lini tulipomtembelea mlezi huyo?