Mzigo wa Mkononi Katika Ndege

Si jambo geni tena huku Nyamianda kusikia kwamba mtoto wa fulani anakwenda ng'ambo kusoma, au kwamba mama fulani anamfuata mumewe Ubelgiji, Kanada au Marekani. Safari ya namna hiyo hugharimu jamaa nzima: ng'ombe ameuzwa, pengine hata kiwanja, na wajomba wamechangia. Basi ni hasara kubwa safari hiyo ikiharibika mbele ya mizani ya uwanja wa ndege, kwa jambo dogo ambalo mtu angaliweza kulijua angali nyumbani. Kwa hiyo juma hili twapenda kueleza sheria za mzigo wa mkononi.

Kwanza tupambanue mambo mawili. Mzigo wa kwanza ni ule unaotolewa mezani, ukapimwa, ukafungiwa karatasi yenye namba, ukaingizwa tumboni mwa ndege. Huo hutauona tena mpaka mwisho wa safari. Wa pili ni mzigo wa mkononi, yaani ule unaoingia nao ndani na kuuweka katika kabati iliyo juu ya vichwa vya watu, au chini ya kiti cha mbele yako. Kila mmoja una sheria zake, na mara nyingi kinachokatazwa katika huu huamriwa katika ule.

Sisi watu wa ziwa tumezoea mashua za Kalundu. Huko mtu huja na gunia lake, ndoo yake na kuku wake, akatafuta nafasi. Lakini tena twajua yampatayo nahodha asiyejali uzito. Basi rubani naye hana budi kuujua uzito wa chombo chake kabla ya kuruka, na kabati ile ya juu ina kipimo chake. Sanduku zito likianguka kutoka humo laweza kumjeruhi aliyeketi chini yake. Ndiyo asili ya mizani. Si ukali wa bure.

Je, kipimo ni kipi? Hakuna kimoja kwa wote. Kampuni ya Ethiopian Airlines, ambayo huchukua wasafiri kutoka Bujumbura mpaka Addis Ababa na mbele zaidi, humruhusu msafiri wa daraja la kawaida mkoba mmoja usiozidi kilo 7, wenye urefu wa sentimita 55, upana wa 40 na unene wa 23. Kampuni ya Kenya Airways huruhusu kilo 12. Yaona basi tofauti iliyopo! Tena kampuni hubadili sheria zake, kwa hiyo soma yaliyoandikwa katika tiketi yako mwenyewe, wala usitegemee maneno ya aliyesafiri mwaka juzi. Ikiwa utabadili ndege njiani na kupanda ya kampuni nyingine, fuata kipimo kilicho kidogo kuliko vyote.

Jambo hili watu hulisahau: uzito wa mkoba wenyewe huhesabiwa pia. Valizi yenye magurudumu yaweza kuwa na kilo tatu kabla hujatia kitu ndani. Katika kilo 7 umebakiwa na nne tu. Mfuko wa kitambaa ni mwepesi, nao huingia mahali penye nafasi ndogo. Pima nyumbani au kwa muuza unga, siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Sasa tuje kwenye vitu vya majimaji. Mwezi wa Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya watu waliotaka kulipua ndege kwa dawa za maji zilizofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo nchi nyingi zimeweka sheria moja: kila chupa iliyomo katika mzigo wa mkononi isizidi mililita 100, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, wenye ujazo wa lita moja. Viwanja vingine vimepata mitambo mipya vikaanza kulegeza sheria hiyo, lakini yule aishikaye hatakosea popote.

Angalieni vizuri: kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa, si kiasi kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 iliyo nusu hukataliwa. Tena neno «majimaji» lachukua mengi: mafuta ya mawese, asali, karanga za kusaga, pilipili ya kusaga yenye mafuta, mafuta ya kujipaka na dawa ya meno. Mama akimpa mwanawe chupa ya mawese ashike mkononi, mawese hayo yatatupwa pipani mbele ya macho ya mtoto. Ayafunge vema, mfuko ndani ya mfuko, ayatie katika mzigo wa tumboni. Ndagala wakavu si maji, lakini harufu yao haina kizuizi. Nao wafungwe na kwenda chini. Maziwa ya mtoto mchanga na dawa za mgonjwa vina ruhusa kupita kipimo, ila vionyeshwe waziwazi kwa mkaguzi, na dawa ziwe pamoja na karatasi ya mganga.

Visu, nyembe na vyuma vyenye ncha visikae mkononi. Petroli na baruti havipandi ndege kabisa, si juu wala chini. Bali kuna kitu kimoja ambacho ni kinyume cha hivyo: ile betri ya akiba ya kuchajia simu, ambayo vijana huiita pawabenki. Hiyo ni marufuku kuwekwa tumboni mwa ndege. Lazima iwe mkononi. Sababu yake ni kwamba betri za namna hii zaweza kuwaka zenyewe. Ikiwaka mbele ya watu, wahudumu wataizima; ikiwaka chini, nani ataiona? Mwezi wa Januari 2025 ndege ya kampuni ya Air Busan iliungua huko Korea Kusini ikiwa bado chini uwanjani, na wachunguzi walisema kwamba yaelekea moto ulitoka katika pawabenki iliyokuwa kabatini. Kipimo kinachoruhusiwa ni wati-saa 100. Betri iliyoandikwa 20,000 mAh kwa kawaida ina kama 74, kwa hiyo yapita. Isiyo na maandishi yoyote yaweza kunyang'anywa.

Basi nini hasa kiwe mkononi? Kile ambacho ukikipoteza safari imekufa: pasipoti, viza, barua ya shule, vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo na vya ndoa, dawa za siku kadhaa, fedha, simu, na nguo moja ya kubadili. Ndugu zetu wakimbizi wanaohamishiwa nchi nyingine hupewa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, mfuko mweupe wenye maandishi ya buluu. Wengi wa waliookoka katika mauaji ya Gatumba ya Agosti 2004 walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na karatasi zao zilikuwa ndizo uzima wao mpya. Mfuko huo hautiwi sandukuni, wala bahasha iliyofungwa ndani yake haifunguliwi. Hukabidhiwa afisa wa uhamiaji mkononi.

Tena fahamuni hili: makabati yakijaa, mhudumu aweza kuuchukua mkoba wako mlangoni mwa ndege na kuupeleka chini. Ana haki hiyo. Kwa hiyo pasipoti, fedha, dawa na betri viwe katika kifuko kidogo ndani ya mkoba, upate kukitoa mara moja. Kifuko hicho kikivaliwa shingoni ni vizuri zaidi. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iliwaka moto katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Watu wote 379 waliokuwamo walitoka salama, na sababu moja ni kwamba waliiacha mikoba yao. Mkoba ni kitu cha kuachwa. Uhai haupatikani dukani.

Neno kwa vijana: usikubali kifurushi cha mtu usiyemjua, hata akisema ni sabuni tu. Mkaguzi hamjui yeye. Akujua wewe uliyekishika. Jambo hilo si kukosa adabu. Mwambie kwa heshima, «Mzee, kilo zangu zimetimia,» nawe utakuwa umesema kweli.

Mwisho, kwa mtu wa Uvira, uwanja wa Bujumbura, ulioitwa kwa jina la Melchior Ndadaye tangu mwaka 2019, u karibu. Lakini kati yake na sisi kuna mpaka wa Kavimvira na Gatumba, na mpaka huo umewahi kufungwa. Uliza habari zake mapema, uvuke mapema, ufike mezani saa tatu kabla ya ndege kuruka. Aliyepima mzigo wake nyumbani hana cha kuogopa mbele ya mizani ya watu.