Mtu wa Udongo na Hasira Zetu



Ndugu wapendwa, juma hili hatutatafakari masomo ya Jumapili kama ilivyo desturi yetu. Tumepokea malalamiko mengi, mengine kwa simu, mengine ana kwa ana pale mlangoni mwa sakristia, na mojawapo kwa barua isiyo na jina, yote yakihusu jambo moja: ile filamu ya sekunde kumi na tano ambayo watoto wa Utoto Mtakatifu waliionyesha baada ya Misa. Wapo wanaotaka kazi hiyo ikomeshwe. Wapo wanaotaka ukumbi ufungwe siku za Jumamosi. Mtu mmoja ametuuliza kwa kejeli iwapo Mkomaindo, inayojulikana kwa hospitali yake, sasa inataka kujulikana kwa sinema. Tumewasikiliza nyote. Sasa ni zamu yetu kusema, na tunawaomba radhi mapema, kwa maana hatutasema kwa upole.

Kwa wale ambao hawakuwepo, tueleze kwanza kilichotendeka. Uhuishaji wa namna hii, ambao watoto wenyewe huuita katuni ya kusogeza, ni rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Unamfinyanga mtu, unamsimamisha mezani, unapiga picha moja. Unausogeza mguu wake kidogo, chini ya upana wa kidole, unaondoa mkono wako, unapiga picha nyingine. Hivyo hivyo mara mia na zaidi. Picha hizo zikipitishwa upesi mbele ya macho, mtu wa udongo anatembea. Sinema za kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Watoto wetu walitosheka na 8, na hata hivyo sekunde zao 15 ziliwadai picha 120.

Simu ilikuwa moja tu, ya katekista, nayo kioo chake kimepasuka pembeni. Ilifungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kwenye kigoda kilicholazwa ubavu, na juu ya kigoda likawekwa tofali, maana simu ikitikisika hata kidogo, dunia nzima ya udongo huruka. Udongo ulichotwa bondeni. Asubuhi ulikuwa laini. Ilipofika saa sita shingo ya mtu wao ilipasuka na kichwa kikaanguka, ikawabidi wamtie kijiti ndani tangu kiunoni hadi utosini, na kumpaka maji kila baada ya picha chache. Kwenye picha ya 74 mdogo mmoja akakipiga teke kigoda. Walilia, wakagombana, wakatupiana lawama kama watu wazima, kisha wakaanza upya. Jumamosi iliyofuata walifunga madirisha na kuwasha taa, kwa kuwa walikuwa wamegundua, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba jua likijificha na kuchomoza mawinguni, picha nazo huwaka na kufifia. Sisi tulikuwa tumeketi kwenye kona tukijifanya tunasali breviari.

Na filamu yenyewe ndiyo hii. Mtu wa udongo anatoka kwenye chama cha msingi akiwa na noti mkononi, vipande vya karatasi ya daftari. Anapita mbele ya duka ambako viatu vya shule vimening'inizwa kwa uzi. Hasimami. Anaingia kwenye kibanda cha uraka, na humo noti zinapungua moja baada ya moja, kila picha kadhaa noti moja, hadi mkono unabaki mtupu. Anaporudi nyumbani, mtoto wa udongo amesimama mlangoni, miguu peku. Basi. Hakuna neno hata moja lililotamkwa.

Ukumbi ulicheka pale kwenye noti. Pale mlangoni ulinyamaza. Siku ya pili yake malalamiko yakaanza.

Lalamiko la kwanza ni kwamba simu inawaharibu watoto. Wapendwa, hili tungelipokea kwa heshima kubwa kama lingetoka kwa watu wasiompa mtoto simu. Lakini sisi huzitembelea jumuiya, tunaingia majumbani mwenu, na tunaona. Mtoto akisumbua, hupewa simu ya baba aangalie katuni hadi asinzie, ili wakubwa wapate kuzungumza. Hakuna aliyewahi kutuandikia barua juu ya hilo. Wala hatuzidharau katuni zote; wapo wenzetu wa Dar es Salaam waliozindua Ubongo Kids mwaka 2014, nao wamewafundisha hesabu watoto wengi kwa Kiswahili safi, na tunawashukuru. Hata hivyo mtoto anayetazama hupokea tu. Simu ile ile ikifungwa kwenye kigoda huwa chombo cha kazi, sawa na patasi. Kwa muda wote wa Jumamosi mbili hakuna mtoto aliyeomba kuitumia kwa jambo lingine, maana ilikuwa ya wote na macho yote yalikuwa juu yake.

Lalamiko la pili ni kwamba huo ni mchezo na upotevu wa wakati. Hapa hatutakaa sana. Atakayeweza kukokotoa picha ngapi zinahitajika ili noti sita ziishe kwa sekunde nne, na kuzipanga zisiishe kabla ya wakati, aje atuambie kwamba huo ni upotevu wa wakati.

Kuna pia ushauri, uliotolewa kwa nia njema, kwamba tusimamishe kazi hii mpaka tuandike andiko la mradi na kupata kamera na kompyuta kwa wafadhili. Tunakataa. Tunazijua kompyuta za miradi: hufika na bango, hufungiwa chumbani zisiibwe, na baada ya miaka mitatu hutolewa nje zikiwa na viota vya mijusi. Udongo upo. Karatasi ipo, na asiyeutaka udongo aweza kukata sanamu za karatasi, akazilaza mezani na kupiga picha kutoka juu. Hata maganda ya korosho hutembea yakisogezwa vizuri.

Lakini tuache kuzunguka mbuyu. Hasira hii si ya simu. Kama watoto wangemhuisha sungura akimdanganya fisi, mngepiga makofi na kuomba irudiwe. Hasira ni ya yule mtu wa udongo. Baba mmoja wa jumuiya alitujia akitetemeka na kusema, "Baba Paroko, wametudhalilisha." Tulimwuliza: wamemdhalilisha nani? Mtu yule hakuwa na jina. Hakuwa hata na uso. Vidole vya watoto wa miaka tisa haviwezi kufinyanga uso wa mtu fulani. Alikuwa na kofia tu, na kofia za namna ile zimejaa Masasi na Newala. Hata hivyo wanaume wasiopungua watano, kila mmoja peke yake, wametuhakikishia kwamba yule alikuwa yeye.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, fedha za korosho humfikia mkulima kwa mkupuo baada ya mnada, miezi michache ya mwaka, na siku hizi hupitia benki. Watoto hawakuonyesha mnada wala benki. Hawavijui. Wao huyaona malipo pale yanapokuwa noti mkononi mwa baba, na huziona noti hizo zikipungua. Walionyesha wanachokiona. Nasi sote, pamoja na sisi tuliokaa miaka mingi tukihubiri juu ya ulevi kwa maneno marefu, tulikuwa tumedhani hawaoni.

Barua isiyo na jina imetukumbusha amri ya nne. Tunaijua, tunaifundisha. Haimwagizi mtoto afumbe macho.

Tena inashangaza kwamba lawama hizi zinatoka kwa watu wa nchi hii. Ni nani duniani asiyewajua Wamakonde kwa kuchonga? Mchongaji huchukua mpingo akamtoa humo mlevi, mchoyo, mwenye tumbo, mgomvi, na watu husafiri kutoka mbali hadi Mwenge, Dar es Salaam, kununua. Vinyago vya mapiko, tukiyaacha kando yale ya jandoni yasiyotuhusu, vimewaiga na kuwacheka watu wa kila aina, hata Wazungu wenye mamlaka, na pengine hata mapadre. Hatukuwahi kusikia kwamba mti ule ulimkosea mtu adabu. Sasa mjukuu wa mchongaji anafanya kwa udongo kile ambacho babu yake alifanya kwa mpingo, na tunamwita mtovu wa adabu. Kwa nini? Je, ni kwa sababu udongo wake unatembea?

Wala jambo hili halikuanzia hapa. Mwaka 1966, kule Niger, Moustapha Alassane alichora katuni ya rais aliye chura akienda ziara katika nchi jirani. Jirani zetu wa Kongo wana Jean-Michel Kibushi, ambaye mwaka 1991 alitoa filamu fupi ya chura anayekwenda ukweni, hadithi ya kwao aliyoihuisha picha moja moja. Septemba mwaka ule ule wanajeshi waliingia mitaani Kinshasa na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata Kibushi alitoa filamu nyingine juu ya siku zile, na aliijenga kwa michoro ya watoto. Angeweza kuwauliza mawaziri. Aliwauliza watoto, kwa kuwa walikuwapo, waliona, na hawakuwa na cheo cha kulinda.

Tunatumia neno uhuishaji bila kulifikiri. Kuhuisha ni kukipa kitu uhai. Wenye lugha za Ulaya nao walilichukua neno lao katika Kilatini, anima, yaani roho, pumzi ya uhai. Mtoto aliyefinyanga udongo na kuuona ukisimama na kwenda hatasahau upesi, nasi hatuthubutu kumwambia kwamba alichofanya ni upuuzi.

Hata hivyo ipo haki moja mnayotudai, nasi tunailipa hadharani. Tulikosea kuionyesha filamu ile ukumbini kabla ya kuwaita wazazi wa watoto walioitengeneza. Nyumba mbili zilikuwa na maneno makali jioni ile, na mtoto mmoja alichapwa. Kosa hilo ni letu, si la watoto. Tungewaita akina baba na akina mama kwanza, tukaketi nao, wakaitazama pamoja na watoto wao bila macho ya parokia nzima. Kuanzia sasa ndivyo itakavyokuwa: hakuna filamu itakayoonyeshwa kwa watu kabla wazazi hawajaiona, wala hakuna itakayorushwa kwenye mitandao. Mzazi akisema mwanawe asishiriki, tutaheshimu. Lakini mzazi hana haki ya kusema kwamba watoto wa wengine wasishiriki, na aliyemchapa mtoto tunamsubiri aje tuzungumze naye. Anajua mlango wetu ulipo.

Ukumbi hautafungwa. Jumamosi hii tutaanza saa tatu asubuhi, baada ya usafi wa kanisa. Watoto waje na udongo uliochujwa mawe, maboksi ya viberiti matupu, mkasi mmoja kwa kila watoto watano, na kitambaa cha kufutia mikono. Mwenye simu ya zamani ambayo kamera yake ingali inafanya kazi, hata kama haipigi tena, tunaiomba. Na tumeweka benchi ukutani kwa ajili ya akina baba. Hakuna atakayewalazimisha kusema neno. Njoni tu mshike taa, kwa kuwa mikono ya watoto huchoka upesi na taa ikishuka picha huharibika.

Hawajaamua bado watahuisha nini safari hii. Wasichana wanataka hadithi ya maji kule Newala, ya ndoo zinazopanda mlima zenyewe. Wavulana wanataka mpira. Na yule mtu wa udongo, kwa wale mliouliza tumemtupa wapi, hatukumtupa. Yumo kwenye kopo la maziwa kabatini mwa sakristia, amefunikwa kitambaa chenye maji asikauke, maana watoto wanasema bado hajafika dukani.