Mahakama Imefungua Pingu, Kanisa Bado Linafunga



Neno la leo ni 2 Wakorintho 1:3-11. Fungua Biblia yako, soma kwanza, halafu urudi hapa. Leo sitabembeleza mtu.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ni kinyume na Katiba. Hicho ndicho kifungu kilichosema kwamba mtu akijaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Yaani mtu anaokolewa akiwa karibu kufa, anatoka wodini, anapelekwa seli ya polisi, kisha kortini. Jaji akasema kumwadhibu mtu hivyo ni kumbagua kwa sababu ya afya yake na kumvunjia heshima.

Serikali ya dunia imefungua pingu. Nauliza kanisa: sisi tunafungua lini?

Kwa sababu sisi pia tuna kifungu chetu. Hakijaandikwa popote, lakini kila mshirika anakijua. Mtu akisema, "Silali, sioni tena sababu ya kuishi," tunamsomea mashtaka papo hapo. Imani haba. Haombi. Kuna dhambi ameficha. Laana ya ukoo. Na akifa kwa mkono wake, wengine wetu tunakataza hata jeneza lake lisiingie kanisani.

Sisemi haya kama mtu wa nje. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta kijana wake kwangu. Alikuwa amepewa dawa kliniki na zilikuwa zimeanza kumtuliza. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa siku saba, nimejaa moto. Nikamwekea mikono, nikamwambia mama, "Ukiamini, hizo tembe hutazihitaji tena." Mama akazitupa.

Wiki chache baadaye simu yangu ililia saa tisa usiku. Majirani walikuwa wamevunja mlango. Mungu ni mwema, walimpata mapema. Yuko hai, anafanya kazi, na anameza dawa zake kila siku. Lakini nilipofika hospitalini asubuhi ile, mama aliniuliza, "Pasta, sikumuamini Mungu vya kutosha, ama nilikuamini wewe kupita kiasi?" Nimesoma chuo cha Biblia. Sikuwa na jibu.

Najua mtakayosema. "Pasta amepoa. Haamini uponyaji tena." Naamini! Yesu anaponya jana, leo na hata milele, na nimeona kwa macho yangu. Lakini mama wa kisukari tukishamwombea, tunamuuliza kama amedunga insulini. Mzee wa presha tunamkumbusha kliniki yake. Hata wewe unayesoma hapa umevaa miwani, na hakuna aliyekukemea pepo la macho. Kwa nini basi ubongo ndio kiungo pekee ambacho kikiugua tunatafuta dhambi?

Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Muda mfupi baadaye yuko chini ya mretemu, anamwomba Mungu amwondoe duniani. Nabii! Mungu alimfanyia nini? Hakumwita mkaidi. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji. Akalala tena, akalishwa tena. Mwishoni mwa sura hiyo Mungu akampa Elisha, ili asitembee peke yake. Usingizi, chakula, na mtu wa kutembea naye. Mungu hakuona aibu kutumia vitu hivyo.

Sasa rudi kwa andiko letu. Paulo anawaambia Wakorintho waziwazi kwamba kule Asia alilemewa mpaka akakata tamaa ya kuishi. Mtume mzima, tena anawaandikia washirika wake! Na kabla ya hapo amewaambia kwamba Mungu hutufariji ili nasi tuwafariji wengine kwa faraja ile ile tuliyopokea. Hiyo ni huduma ya aliyepita bondeni kumshika mkono aliye bondeni sasa.

Sisi tumeifunga huduma hiyo kwa jinsi tunavyotoa ushuhuda. Kipaza sauti tunampa aliyekwisha kushinda: amepata kazi, amepata viza, amepata mtoto. Aliye bado ndani ya tanuru hana zamu. Kwa hiyo kila Jumapili kuna mtu kwenye safu ya nne amevaa vizuri, anatabasamu, akidhani yuko peke yake. Kwenye safu ya tisa kuna mwingine anadhani vivyo hivyo. Wanaambiana "Bwana asifiwe" na kila mmoja anarudi nyumbani na mzigo wake.

Na akithubutu kusema? Jumatatu habari zake ziko kwenye kikundi cha WhatsApp, zimepewa jina la "ombi la maombi". Hayo ni masengenyo yaliyovaa kilemba, wapendwa. Tutubu.

Tutubu pia kwa mzaha wetu. Hospitali ya Mathari imekuwapo tangu 1910, ikitibu watu wetu, na sisi tumegeuza jina lake kuwa tusi. Mimi mwenyewe nililitumia madhabahuni, watu wakacheka. Baadaye dada mmoja aliniambia kwamba aliwahi kulazwa huko. Siku ile naye alicheka, ili asijulikane.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya wataalamu tu. Wataalamu tunawahitaji, lakini ni wachache, na mtu wako hawezi kumngoja daktari usiku wa leo akiwa peke yake. Kule Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa kwenye benchi hilo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi tu, na nyanya aliyefunzwa kusikiliza! Sisi tuna mabenchi kanisa zima, na siku nyingi za wiki yanakaa matupu.

Kwa hiyo, kuanzia Alhamisi hii saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma kitakuwa wazi. Viti vitawekwa kwa duara. Hakuna kipaza sauti, hakuna sadaka, hakuna mahubiri. Watakaoongoza ni ndugu na dada zetu waliopitia haya wenyewe. Mimi nitaketi kama wengine.

Masharti ni manne. La kwanza, linalosemwa humo halitoki humo. La pili, hakuna mtu, hata mimi, atakayemwambia mwenzake aache dawa. La tatu, hakuna kutafuta dhambi ya mtu. La nne, mtu akiwa hatarini haachwi peke yake, tunampeleka hospitali usiku huo huo. Siri haina uzito kuliko uhai. Na kama huwezi kungoja Alhamisi, piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Haitozwi pesa.

Wachungaji wenzangu, nawasihi kama ndugu. Ukimwambia mtu atupe dawa zake na baya likatokea, utasimama kaburini useme Mungu alimpenda zaidi? Mimi nilikaribia kusema hivyo. Sitaki ufike pale.

Leo usiniandikie "Amina". Kuna jina limekujia ukisoma. Mpigie simu sasa. Usimhubirie. Muulize kama amelala, muulize kama amekula, na umwambie unakuja.

Mchungaji wenu.