Kukariri moja hadi kumi si kuhesabu

Wazazi wengi hufurahi sana mtoto wa miaka mitatu anapotamka "moja, mbili, tatu" hadi kumi mbele ya wageni. Furaha hiyo si mbaya. Lakini mwekee maembe matano, umwulize ni mangapi. Huenda akagusa embe moja mara mbili, akaruka jingine, kisha akajibu kuwa ni manane. Huyo ameshika wimbo tu, hesabu bado.

Wataalamu wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walilieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1978. Kila kitu hupewe neno moja tu, maneno yafuatane kwa mpango usiobadilika, na neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Hilo la mwisho ndilo gumu, na watoto wengi hulielewa wakikaribia miaka minne. Kumshikisha kalamu kwa nguvu kabla ya hapo ni kumwonea.

Chukua mfano wa Garsen, katika Tana River. Mtoto wa Kipokomo hukulia kando ya mto, na lugha ya kwao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mwenzake wa Kiorma huanza na tokko, lama, sadii. Huyu akifika chekechea hukutana na mtego: mbuzi ni wawili, vibuyu ni viwili, maembe ni mawili, lakini saba ni saba kila mahali! Mwalimu asiyejua chanzo cha tatizo humwita mjinga, ilhali mtoto huyo huyo akitazama ng'ombe wakirudi jioni hutambua ndama aliyepotea kwa rangi yake tu.

Tena, kwa wafugaji wengi kuhesabu mifugo kwa sauti ni mwiko. Basi mwalimu atumie vibuyu au kokoto (ziwe kubwa, zisije zikamezwa), na aanze kwa lugha ya nyumbani.

Mafuriko ya 1997, 2018 na 2024 yalizihamisha familia nyingi za Tana River hadi kambini. Hesabu haingoji darasa. Mama akigawa chai aseme, "Tuko sita, niletee vikombe sita." Mtoto akileta vitano, atajionea mwenyewe ni nani aliyekosa.

Wazazi pia huuliza kuhusu mtoto anayeandika 3 au 7 kinyume. Kabla ya miaka saba, hilo peke yake si ugonjwa. La kutia wasiwasi ni masikio yanayotoka usaha, macho yasiyoona ubao, na upungufu wa damu unaoletwa na malaria, minyoo na chakula haba. Mtoto mwenye damu kidogo huchoka na kusinzia, kisha huambiwa ni mvivu. Apelekwe kituo cha afya. Kiboko, ambacho kilipigwa marufuku shuleni nchini Kenya mwaka 2001, hakiongezi damu.

Katiba ya 2010 iliziweka chekechea mikononi mwa kaunti. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende kwenye uji wa asubuhi na kupima macho na masikio ya watoto. Chati za tarakimu zenye rangi za kuvutia zinaweza kusubiri.